Kifurushi kisicholala: jinsi dawa ya dondakoo ilivyofikishwa Nome mwaka 1925

Wakati wa baridi, barua iliyotoka Nenana kwenda Nome, huko Alaska, ilikaa njiani siku kama 25. Ni kilomita 1,085 za theluji, mito iliyoganda na ufuo wa Bahari ya Bering. Treni ilileta barua mpaka Nenana. Kutoka hapo barua ilibebwa kwa sleji za kukokotwa na mbwa. Usiku wa Januari 27, 1925, kifurushi cha kilo 9 kilianza safari kwa njia hiyohiyo, mikononi mwa watu ambao wengi wao walizoea kubeba barua hizohizo. Kilifika Nome saa 127 na nusu baadaye, tena katika wiki ambayo Alaska ya bara ilipigwa na baridi isiyoonekana kwa miaka 20. Ndani yake mlikuwa na dawa ya dondakoo.

Safari hii imesimuliwa mara nyingi kama habari ya mbwa mmoja, Balto, ambaye sanamu yake imesimama katika bustani ya Central Park, New York, tangu Desemba ya mwaka uleule. Balto alifanya kazi yake na anastahili heshima. Lakini ukipiga hesabu, sifa kubwa inakwenda kwingine. Barua ilikwenda wastani wa kilomita 43 kwa siku. Dawa ilikwenda zaidi ya kilomita 200 kwa siku. Hakuna mbwa anayeweza kuongeza mbio mara tano kwa sababu tu mzigo wake ni wa kuokoa maisha. Mbeba barua husafiri mchana na mzigo mzito, usiku hulala, na mbwa wake hulala pia. Mzigo huu haukulala. Mbwa walipochoka walibaki nyuma, waendeshaji wao wakakaa kando ya jiko, na kifurushi kikaendelea na mbwa wengine. Humo ndimo ulimo ufundi wote wa safari hii, na humo pia ndimo ulimokuwa udhaifu wake.

Tuanze na ugonjwa, kwa sababu ndio uliopanga saa. Bakteria wa dondakoo hukaa kooni na kutoa sumu. Utando wa kijivu hutanda juu ya koo, na mtoto anaweza kukosa pumzi. Mwaka 1925 antibiotiki hazikuwapo bado. Tiba ilikuwa seramu iliyotokana na damu ya farasi waliodungwa sumu hiyo kidogokidogo mpaka miili yao ikatengeneza kinga. Seramu haiui bakteria. Inainasa sumu kabla haijaingia kwenye moyo na neva, kwa hiyo kila siku inayopita kabla mgonjwa hajadungwa, faida yake hupungua. Dk. Curtis Welch, daktari pekee wa Nome, alikuwa na akiba ndogo iliyokwisha muda wake. Alikuwa ameagiza nyingine kiangazi cha 1924, ikachelewa mpaka bahari ikaganda na bandari ikafungwa. Watoto walipoanza kufa Januari, mji ukawekwa karantini na Welch akatuma telegramu kuomba uniti milioni moja. Nome ilikuwa na watu kama 1,400, na vijiji vya wenyeji vilivyoizunguka vilikuwa bado na makovu ya mafua makuu ya 1918, yaliyofagia koo nzima.

Uniti 300,000 zilipatikana katika hospitali ya reli mjini Anchorage. Hazikutosha kumaliza mlipuko, ila zilitosha kutibu watu kama 30 na kuushika ugonjwa hadi shehena kubwa zaidi ifike kwa meli kutoka Seattle. Chupa za kioo zilifungwa kwa mfarishi, zikawekwa ndani ya mtungi wa chuma na kupakiwa kwenye treni ya kwenda Nenana. Kilo 9 ni mzigo mwepesi kwa sleji. Mwendeshaji hakuhitaji kikosi kikubwa cha mbwa, hivyo yeyote mwenye mbwa saba au wanane wazuri angeweza kupokea kipande cha safari. Kama mzigo ungekuwa wa kilo 200, mpango wa kupokezana usingewezekana kwa watu hao.

Palikuwa na waliotaka ndege, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Februari 1924, rubani Carl Ben Eielson alikuwa amefungua safari za barua kwa ndege wakati wa baridi, kutoka Fairbanks hadi McGrath. Lakini zile zilikuwa safari fupi, za kilomita 400 na ushei. Ndege zilizokuwapo Fairbanks zilikuwa zimefunguliwa vipandevipande kwa msimu huo, injini zake zilipozwa kwa maji, na rubani angekaa kwenye kiti kisichofunikwa katika baridi ya nyuzi 45 chini ya sifuri. Gavana Scott Bone aliamua mbwa. Wako waliomshambulia kwa uamuzi huo, lakini mimi nauona sahihi kwa hesabu ya hasara. Ndege moja ikianguka, uniti zote 300,000 zimepotea. Sleji ikikwama, kuna kijiji mbele, kuna kijiji nyuma, na kuna mtu anayejua kwamba umechelewa.

Mpango wa kwanza ulitoka kwa Mark Summers, msimamizi wa kampuni ya dhahabu ya Nome. Alipendekeza sleji mbili tu: moja itoke Nenana, nyingine itoke Nome, zikutane Nulato, karibu na nusu ya njia. Wa upande wa Nome angekuwa Leonhard Seppala, Mnorwe, mwendesha mbwa mashuhuri kuliko wote Alaska, akiongozwa na mbwa wake Togo, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 12. Seppala angekwenda na kurudi zaidi ya kilomita 1,000. Ni mpango wa kumtegemea mtu bora. Bone aliuona, kisha akauzidi: alimwagiza mkaguzi wa posta, Edward Wetzler, apange waendeshaji wengi wenye vipande vifupi, usiku na mchana. Hatimaye walikuwa 20, na mbwa wapatao 150.

Tofauti ya mipango hii miwili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Seppala, hata angekuwa na mbwa wa chuma, angelazimika kulala. Wetzler alikuwa na kitu kilichojengwa kwa miaka mingi kwa ajili ya posta: nyumba za wasafiri kando ya njia, zenye jiko, chakula na mahali pa mbwa, zikiachana kwa umbali wa safari ya siku moja. Alikuwa na vituo vya telegrafu vya jeshi kando ya mito ya Tanana na Yukon. Na alikuwa na waendeshaji, wengi wao Waathabaska, wenyeji wa bonde la Yukon, wanaojua kila kona ya mto ule na wapi barafu yake hudanganya. Ndugu wawili, Edgar na George Nollner, walipokezana mzigo huo Galena. Sam Joseph, Harry Pitka, Titus Nikolai, Tommy Patsy: ni majina ambayo hayana sanamu. Vipande vingi vilikuwa vya kilomita 40 hadi 50, yaani umbali ambao kikosi kimoja cha mbwa kinaweza kuukimbia bila kupumzika kisha kikapumzika kweli.

Kipande cha kwanza kinaonyesha gharama. William Shannon alitoka Nenana usiku kwenye nyuzi 45 chini ya sifuri, akiwa na mbwa tisa. Njia ya kawaida ilikuwa imekanyagwa na kuharibiwa na kwato za farasi, kwa hiyo akashuka kwenye barafu ya mto, ambako njia ni laini lakini hewa baridi hujikusanya bondeni. Alikimbia kando ya sleji ili damu yake iendelee kuzunguka. Alipofika Minto saa tisa usiku, kipimo kilisoma nyuzi 52 chini ya sifuri, na sehemu za uso wake zilikuwa zimegeuka nyeusi kwa kugandishwa na baridi. Alikaa hapo saa nne, akiupasha mtungi joto karibu na jiko, kisha akawaacha mbwa watatu waliokuwa hoi na kuendelea na sita hadi Tolovana. Wale watatu walikufa baadaye. Edgar Kallands, aliyempokea, alifika Manley Hot Springs mikono yake imeganda kwenye mpini wa sleji. Mwenye nyumba alimmwagia maji ya moto ndipo ikabanduka. Charlie Evans naye alipita penye ukungu wa barafu bila ngozi za sungura za kuwafunika mbwa wake sehemu zisizo na manyoya mengi, na wawili walianguka.

Kwenye mito, hata hivyo, mpango ulikwenda barabara. Tatizo lilikuja pwani. Seppala alikuwa tayari ameondoka Nome kuelekea Nulato kwa mpango wa zamani, na baada ya kuondoka hapakuwa na njia ya kumpasha habari kwamba mpango umebadilika, kwamba dawa inakuja kwa kasi kuliko alivyoambiwa na kwamba hana haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Wapangaji walibaki wakitumaini kwamba mtu atamwona njiani. Nje ya Shaktoolik, Henry Ivanoff alikuwa ndio kwanza ameanza kipande chake, mbwa wake wakavurugana kwa kumfukuza paa wa kaskazini. Akiwa anawatenganisha, Seppala alikuwa anapita kwa mwendo wa kasi. Ivanoff akampigia kelele. Seppala nusura asisimame, maana hakutaka kupoteza muda. Wangepishana tu pale, dawa ingekwenda upande mmoja na mwendeshaji bora wa Alaska upande wa pili.

Kutoka hapo Seppala aligeuka na kuvuka Ghuba ya Norton juu ya barafu ya bahari, usiku, katika dhoruba, badala ya kuzunguka kwa ufuo. Ilikuwa kuchagua kati ya muda na hatari. Upepo ukitokea bara, barafu ile hukatika na kuelea baharini pamoja na kila kilicho juu yake. Gizani mtu hasikii wala haoni, kwa hiyo maisha yao yalikuwa kwa Togo aliyetangulia mbele. Seppala alibeba dawa kwa kilomita 146, kipande kirefu kuliko vyote, na ukijumlisha alikotoka kuja kuipokea ni kilomita 420. Hapa ndipo nadharia yangu ya vipande vifupi inapopata mtihani, na nakiri wazi kwamba mpango wa Wetzler uliziba pengo hili kwa kipaji cha mtu na mbwa wake.

Pengo la pili lilikuwa la aina hiyohiyo. Dhoruba ilipozidi, Welch alihofia dawa isipotee kabisa, ikapigwa simu kusimamisha safari mpaka upepo utulie. Ujumbe ulimngoja Gunnar Kaasen, mwendeshaji aliyekuwa na dawa wakati huo, katika kijiji cha Solomon. Kaasen, akiongozwa na Balto, alipita gizani bila kukiona kijiji. Baadaye upepo ulipindua sleji, mtungi ukatumbukia kwenye theluji, naye akavua glavu na kuupapasa kwa mikono mitupu mpaka akaupata. Alipofika Port Safety, Ed Rohn aliyepaswa kumpokea alikuwa amelala, akidhani safari imesimamishwa. Kaasen akaamua kuendelea, akaingia Nome saa 11 na nusu alfajiri ya Februari 2. Wako waliomlaumu kwamba alitaka utukufu. Kwa upande wangu, mbwa wake walikuwa bado wanakwenda vizuri, na kumwamsha mtu, kuwafunga mbwa wapya na kuhamisha mtungi kungekula muda. Kosa lilikuwa la mawasiliano: vituo vilizungumza, lakini aliye njiani alikuwa kiziwi.

Chupa zote zilikuwa nzima, lakini seramu ilikuwa imeganda. Iliyeyushwa taratibu na ikatumika. Mhudumu yeyote wa kliniki ya watoto Afrika Mashariki atashtuka kusikia hivyo, na ana haki. Chanjo ya pentavalenti, anayopewa mtoto wiki ya 6, 10 na 14, ina kinga ya dondakoo ndani yake, na ikiganda imeharibika. Ina chumvi ya alumini, ambayo ikishaganda hujikusanya mabonge. Ndiyo maana mhudumu mwenye shaka hutikisa chupa mbili, ile anayoishuku na nyingine iliyogandishwa makusudi, kisha huangalia masimbi yanavyoshuka. Seramu ya 1925 haikuwa na alumini. Waliopanga safari walijitahidi kuipasha joto kila kituo, na walifanya vyema, ila walisalimika pia kwa sababu ya kemia ya dawa yenyewe. Leo mzigo wa chanjo ukipitishwa njia ileile kwa namna ileile ungefika kwa wakati na usiwe na thamani.

Shehena ya pili, uniti zaidi ya milioni moja, ilifika bandari ya Seward siku chache baadaye. Nusu ilitengewa ndege, ambayo ilikataa kuruka. Nusu ikapewa mbwa, pamoja na wengi wa waendeshaji walewale, ikafika Nome Februari 15. Karantini iliondolewa Februari 21. Idadi rasmi ya waliokufa mjini ni kati ya 5 na 7. Katika vijiji na kambi za wenyeji nje ya Nome, Welch mwenyewe alikadiria wagonjwa wasiopungua 100, na huko vifo havikuandikwa vyote, kwa kuwa familia zilizika watoto wao bila kumwita daktari wala karani. Asilimia kubwa ya waliobeba dawa walikuwa wenyeji wa Alaska pia, na hesabu yoyote ya safari hii inayoishia kwenye vifo 7 imewaacha nje ndugu zao.