Meli Inayopanda Barafu: Uhakiki wa Istilahi za Rasimu Moja

Hivi karibuni ililetwa mezani kwetu rasimu ya kijitabu cha kusomwa katika shule za msingi na madarasa ya watu wazima ya pwani ya kusini, kuanzia Mikindani hadi maingilio ya mto Ruvuma. Mada yake ni utafiti wa ncha za dunia na meli zinazouwezesha, hasa Almirante Irízar, meli ya jeshi la wanamaji la Argentina iliyojengwa Helsinki na kuanza kazi mwaka 1978. Jina la mfasiri si muhimu hapa. Kiswahili chake ni safi na bidii yake inaonekana katika kila ukurasa. Kasoro ninazokusudia kuzieleza ni za istilahi, na naziandikia kwa sababu nimekutana nazo katika tafsiri nyingine nyingi zisizohusu barafu hata kidogo.

Huenda msomaji akauliza mtoto wa Msimbati ana haja gani na meli kama hiyo. Haja ipo, kwani pwani ile imezoea kutembelewa na vyombo vya watafiti. Mwezi wa Septemba 1862 manowari ya Kiingereza Orestes iliivuta meli ndogo ya David Livingstone, Pioneer, mpaka mlango wa Ruvuma, na nahodha wake akafuatana na msafara kwa mashua siku mbili za kwanza mtoni. Katika miaka ya 1982 na 1983 maji ya Tanzania yalipimwa samaki na meli Dr. Fridtjof Nansen, iliyopewa jina la Mnorwei aliyesafiri katika barafu za kaskazini, na mwaka 2018 meli mpya yenye jina hilohilo ikaja kupima tena. Hata meli halisi ya kuvunja barafu, SA Agulhas II ya Afrika Kusini, ilipanda kaskazini mwaka 2017 kufanya utafiti katika Bahari ya Hindi ya magharibi hadi maji yetu. Aidha, tangu gesi ilipogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, wavuvi wamekuwa wakiona meli za upimaji zikija na kuondoka, na kila moja huulizwa ufukweni: ya nani hiyo, na imefuata nini?

Maswali hayo mawili ndiyo ambayo istilahi za rasimu hii zinayajibu vibaya.

Nianze na jina lenyewe. Mfasiri ameandika “kivunja barafu” kote, bila neno “meli”. Niliusoma ukurasa wa kwanza kwa sauti mbele ya wavuvi watatu Mikindani. Mzee mmiliki wa mashua akanikatiza: “Mwanangu, hicho si kile kipande cha nondo cha wachuuzi?” Alikuwa na haki. Katika soko la samaki barafu huja kwa mabonge, na bonge hupigwa kwa nondo au nyundo kabla ya kutandazwa juu ya samaki. Kwa watu hao kivunja barafu kipo tayari, na hushikwa kwa mkono mmoja.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni kiambishi ki-, kinachoashiria kifaa. Sikubaliani nao moja kwa moja. “Chombo” chenyewe ni cha ngeli hiyo, na kivuko cha Msangamkuu hakuna anayekidhania kuwa kifaa cha mkononi. Jina “kivuko” halina mshindani ufukweni, lakini “kivunja barafu” linaye. Tiba ni kuanza na neno “meli”. Baada yake tunayo njia mbili. Ya kwanza ni “meli ya kuvunjia barafu”, kwa mfano wa jembe la kulimia na kalamu ya kuandikia. Ya pili ni kuunganisha: “meli vunjabarafu”. Muungano wa kitenzi na nomino si mgeni katika lugha yetu. Tunaye mdudu vunjajungu, tuna na kiinuamgongo cha mstaafu. Kwa maandishi ya kila siku napendelea ile ya kwanza, kwa kuwa mtoto huielewa bila kufundishwa. Ya pili inafaa katika orodha, katika vichwa vya habari na katika nyaraka ambamo jina hurudiwa mara nyingi.

Jambo la pili ni zito zaidi, kwa sababu hapo istilahi imeharibu maarifa. Rasimu inasema kwamba meli hii “hukata barafu kwa pua yake kali kama kisu” na kwamba “huvunja milima ya barafu”. Sentensi zote mbili si kweli. Meli ya kuvunjia barafu haikati. Omo yake imelazwa mshazari, na mkuku wake hupanda polepole kuelekea mbele, ili chombo kinaposukumwa na injini kipande juu ya tabaka la barafu. Uzito wa meli ndio unaolivunja tabaka hilo kwa chini. Ikikwama hurudi nyuma, ikaja tena kwa kasi, ikapanda. Na kinachovunjwa ni barafu ya bahari, yaani maji ya bahari yaliyoganda juu juu, si yale mapande makubwa yaliyomeguka kutoka barafu ya nchi kavu na kuelea baharini. Hayo wengine huyaita siwa barafu, na hakuna nahodha mwenye akili anayeyapanda. Huyakwepa kwa mbali. Kuyaita “milima ya barafu” ni kumpeleka msomaji Kilimanjaro.

Inasikitisha kwamba mfasiri ameazima kisu ilhali lugha ya mabaharia wa Mtwara ina maneno kamili. Pua ni ya ndege. Chombo kina omo na tezi. Na kitenzi “kupanda” wanacho, tena kwa hofu: chombo kilichogonga mwamba na kukaa juu yake husemwa kimepanda mwamba. Nilipomweleza yule mzee kwamba iko meli inayojengwa makusudi ili ipande, alicheka sana, kisha akauliza mbao zake ni za mti gani. Nilipomjibu kuwa ni chuma kinene, akanieleza mwenyewe namna inavyofanya kazi, kwa viganja viwili, kimoja kikipanda juu ya kingine. Rasimu ya kurasa kumi na mbili ilikuwa haijafanikiwa kumfikisha hapo.

Sasa nije kwenye swali la “ya nani hiyo”. Rasimu inaiita Irízar mara “manowari”, mara “meli ya kivita”. Manowari ni neno la zamani na zuri, tulilolipata kwa Waingereza, na Orestes ilistahili kuitwa hivyo. Lakini kuwa mali ya jeshi la wanamaji si sawa na kuwa chombo cha vita. Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi kumi na mbili, Afrika Kusini ikiwa mojawapo, unakataza katika kifungu chake cha kwanza hatua zote za kijeshi katika eneo hilo, lakini unaruhusu askari na vifaa vya jeshi kutumika kwa utafiti wa kisayansi au kwa shughuli nyingine za amani. Irízar huenda huko kwa ruhusa hiyo: hupeleka vyakula, mafuta na wanasayansi katika vituo, na mwaka 2002 ilitumwa kuifikia meli ya shehena Magdalena Oldendorff iliyokuwa imenaswa katika barafu, baada ya SA Agulhas ya kwanza kuwaondoa watu kwa helikopta. Mtumishi wa serikali akiandika “meli ya kivita” katika tafsiri ya waraka wa aina hii, ameituhumu nchi nyingine kuvunja mkataba.

Kwa Mtwara hatari hiyo iko karibu zaidi. Mwaka 2013 mji ule ulipata maandamano na ghasia kwa ajili ya bomba la gesi, na tangazo la meli lililofasiriwa ovyo linaweza kusomwa kwa namna ambayo mwandishi wake hakuiwaza. Kwa sababu hiyo napendekeza “meli ya jeshi la wanamaji”, ingawa ni ndefu, na neno “manowari” libakie kwa meli iliyoundwa kupigana. Kwa sababu iyo hiyo nimelifuta neno “uchunguzi” kila lilipotumika pamoja na meli. Polisi huchunguza na majasusi huchunguza. Wanasayansi wa kijitabu hiki wanafanya utafiti.

Yapo madogo. “Safari” imetumika pale ambapo watu wengi wanakwenda pamoja na mizigo yao kwa kazi maalumu. Hapo tunalo neno “msafara”, ambalo watu wa kusini wanalijua tangu zama za njia za Ziwa Nyasa. “Ya kincha” haivumiliki. Iandikwe “ya ncha za dunia”. Barafu na theluji zimetofautishwa sawasawa, na kwa hilo mfasiri anastahili shukrani, maana wengi hushindwa. Amefanya vyema pia kuandika “maingilio” ya mto Ruvuma, akifuata jina la hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, badala ya kubuni neno jingine.

Rasimu imerudishwa kwa mfasiri pamoja na orodha ya masahihisho. Limebaki neno moja ambalo sikulipatia jibu, nalo ni jina la ule mfereji wa maji meusi unaobaki nyuma ya meli baada ya kuvunja barafu, ambao vyombo vingine huufuata kabla haujaganda tena. Rasimu inauita “barabara”. Mzee wa Mikindani alipendekeza “mkondo”, lakini mkondo ni maji yanayokwenda, na haya yamesimama. Walimu na mabaharia wenye neno bora waliandikie jarida hili.