Riwaya za Roma ya kale zinavyomsahau mtumwa wa jikoni

Riwaya ya kihistoria hupimwa kwa mambo madogo. Mwandishi anayetupeleka Roma ya enzi za mitume aweza kuwataja Kaisari wote bila kukosea mwaka hata mmoja. Lakini kama hajui mkate uliokwa na nani, wala maji yalipandishwa vipi ghorofani, basi ametupa jukwaa la tamthilia tu. Mji hajatupa. Kwa kipimo hicho ningependa kuzitazama riwaya mbili ambazo wengi wetu tulizijua kwanza kupitia filamu: Ben-Hur ya Mmarekani Lew Wallace (1880) na Quo Vadis ya Mpolandi Henryk Sienkiewicz (1896).

Wallace alikuwa jenerali, na aliiandika riwaya yake kabla hajaikanyaga Palestina. Alitegemea ramani na vitabu vya maktaba, na mara nyingi vilimfaa. Hata Valerius Gratus, mtawala ambaye kigae cha dari kinamwangukia na kumtia Judah mashakani, ni mtu wa historia aliyemtangulia Pilato. Tatizo ni tukio ambalo kila msomaji hulikumbuka: Judah, akiwa mtumwa, anapiga makasia katika merikebu ya vita. Wanahistoria wamekwisha kutuonyesha kwamba wapiga makasia wa majeshi ya Roma kwa kawaida walikuwa watu huru walioandikishwa na kulipwa. Adhabu ya makasia ilishamiri katika Bahari ya Mediterania karne nyingi baadaye.

Je, hilo si kosa dogo tu la msanii? Sidhani. Kwa kuupeleka utumwa baharini na kuufanya adhabu ya mwungwana aliyeonewa, Wallace anatuondoa mahali ulipokuwa hasa, yaani nyumbani. Tena mtumwa wa nyumbani yumo humo humo riwayani. Mfanyabiashara Simonides alikubali kutobolewa sikio na kuwa mtumwa wa ukoo wa Hur ili amwoe Rachel, mwanamke aliyempenda. Utumwa wake unasimuliwa kama uaminifu na mapenzi. Kumbe tunamlilia tajiri aliyetiwa utumwani, ila yule aliyetumikishwa na ukoo wa huyo huyo tajiri tunampongeza kwa utiifu!

Sienkiewicz ana jicho kali zaidi. Anaanza na Petronius akiamka adhuhuri na kukandwa mwili na watumwa bafuni. Punde tunamwona Eunice, kijakazi, akiamriwa kuchapwa viboko 25 kwa kuwa amekataa kutolewa zawadi kwa mtu mwingine. Baadaye Vinicius, kwa hasira ya kumkosa Lygia, anampiga mzee Gulo kwa kinara cha taa na kumuua. Gulo ndiye aliyembeba Vinicius utotoni. Hapa mwandishi hatufichi kitu: katika nyumba ile yenye marumaru na maua, uhai wa mtu ni mali ya mwenye nyumba. Hata hivyo, Gulo hapewi sura yake mwenyewe. Twamjua kwa aliyembeba na kwa aliyemuua, kisha mapenzi ya wakubwa yanaendelea.

Maisha yenyewe yalikuwaje? Wakazi wengi wa Roma hawakuishi katika nyumba za akina Petronius. Walipanga vyumba katika majengo ya ghorofa ambayo Augusto alilazimika kuyawekea kikomo cha futi 70 za Kirumi, takriban mita 20. Chini palikuwa na maduka. Kadiri ulivyopanda ngazi ndivyo chumba kilivyokuwa duni, na maji yalibebwa kwa mikono. Wengi hawakuwa na jiko, hivyo walinunua chakula kilichopikwa vibandani. Raia wapatao 200,000 walipewa ngano ya serikali, na sehemu kubwa ya nafaka ya mji ilisafiri kwa meli kutoka Misri. Msomaji wa Matendo ya Mitume anaifahamu meli ya aina hiyo: ndiyo iliyovunjika na Paulo akiwa ndani. Anamfahamu pia Eutiko, kijana aliyesinzia dirishani huko Troa akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Luka hakueleza ghorofa ni nini. Wasomaji wake walikuwa wakiishi humo.

Sasa nije kwenye lugha yetu. Watafsiri wa Biblia ya 1952 walimwita Pilato liwali na afisa wa askari mia akida. Dinari nalo ni neno lililozaliwa Roma kwenyewe, Kilatini denarius, likapitia Kigiriki na Kiarabu hadi likatufikia. Wapo watakaosema maneno kama liwali yanaivisha Roma kanzu ya Pwani. Mimi naona yanatufaa. Liwali alikuwa mtu halisi mjini Mombasa, anayetawala kwa niaba ya mwenye enzi aliye mbali, na hivyo ndivyo alivyokuwa Pilato.

Neno zito zaidi ni mtumwa. Biblia ya 1952 inamtambulisha Paulo katika Waraka kwa Warumi kuwa mtumwa wa Kristo na hapo hapo mtume wake, maneno mawili yaliyochipuka kwenye kitenzi kimoja, tuma. Tafsiri ya Habari Njema ikachagua mtumishi. Nia ni njema, maana mtumwa ni neno linalouma, hasa katika pwani ambako utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Lakini mtumishi hulipwa na akichoka huondoka. Onesimo hakuwa na hiari ya kuondoka kwa Filemoni. Ukililainisha neno, waraka mzima unageuka kuwa barua ya kusuluhisha mwajiri na mfanyakazi wake.

Ndiyo maana nawasihi waandishi wetu wanaotunga riwaya na tamthilia za Biblia wasitushibishe mbio za farasi na majumba ya Kaisari. Lugha wanayo, na kumbukumbu pia. Kuna mkate ulioungua katika mlipuko wa Vesuvius mwaka 79, ukafukuliwa Herculaneum ukiwa umegeuka mkaa. Juu yake pamegongwa mhuri unaosema kwamba ni wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Celer huyo hana riwaya. Mwandishi wa Kiswahili akitaka mahali pa kuanzia, na aanze na unga uliokuwa mikononi mwake alfajiri ile.