Gilasi ya Tatu Haikupaswa Kuondoka Mezani

Somo lile la sayansi la Darasa la Tano, ambalo video yake wiki hizi imezunguka kwenye simu za walimu wengi, liliharibika pale gilasi ya tatu ilipoondolewa mezani. Mengine yalikwenda vizuri na nitayataja, ila sitayapa nafasi kubwa. Wanaolisifia somo lile wanaipita dakika hiyo kana kwamba haikuwapo.

Wengi mmeliona. Ni jaribio la kuota kwa mbegu, lile lile la kila mwaka: gilasi ya kwanza ina pamba iliyoloweshwa, ya pili pamba kavu, na ya tatu ina maji yaliyochemshwa, yakapozwa, yakafunikwa kwa mafuta ya kula ili hewa isipenye. Kila gilasi ina maharage matano. Siku ya tano wanafunzi wanazunguka meza kusoma matokeo. Kikundi cha kushoto kinafika kwenye gilasi ya tatu, na msichana aliyeshika rula anasema, "Mwalimu, hii imetoa mzizi." Kamera inasogea, na kweli: harage moja limepasuka ganda na ncha nyeupe imechungulia, milimita mbili hivi au tatu. Mwalimu anaitazama gilasi, anaichukua, anaiweka chini ya meza. "Hiyo imeharibika, tuendelee." Anageukia ubao na kuandika kwamba mbegu isiyopata hewa haioti. Darasa zima linanakili. Yule msichana anafuta alichokuwa ameshaandika kwenye jedwali lake, naye ananakili.

Naelewa kwa nini mwalimu alishtuka. Mbele yake kuna kamera, nyuma ya darasa wamekaa wathibiti ubora wa shule, na andalio la somo linampa dakika 40 tu. Ninachokataa ni uamuzi wenyewe. Katika somo zima, pale ndipo sayansi ilipokuwa inaanza. Kabla ya hapo watoto walikuwa wanathibitisha sentensi waliyokwisha kuisoma kitabuni.

Na harage lile halikuvunja kanuni yoyote. Turudi kwenye utangulizi wa somo: mwalimu mwenyewe anasema mbegu zililowekwa tangu jana yake. Mbegu iliyoshinda usiku ndani ya maji ya kawaida imekunywa maji, imepata hewa, imeanza kuamka kabla ya kutiwa kwenye gilasi yoyote. Hilo ni la kwanza. La pili, maji yaliyochemshwa yakiachwa yapoe kwenye sufuria isiyofunikwa huanza kuirudisha oksijeni iliyotoka wakati wa kuchemka, na hatukuonyeshwa yalipozwa vipi. La tatu ni mafuta: yanaipunguza kasi hewa, hayaizuii kabisa, kwa sababu oksijeni huyeyuka ndani ya mafuta na kushuka taratibu hadi kwenye maji. La nne ndilo zuri kuliko yote kwa mtoto wa miaka kumi na moja: harage likinywa maji huvimba, ganda likapasuka, na ncha ya mzizi ikaonekana hata kama ukuaji bado haujaanza. Namna ya kujua ni kupima leo na kupima tena kesho. Ikiwa ncha imerefuka, mbegu inakua. Ikiwa imebaki pale pale, ilivimba tu.

Rula ilikuwa tayari mkononi mwa mtoto.

Hata lengo la somo halikuwa hatarini. Kwenye gilasi ya kwanza maharage yote matano yalikuwa yameota, mizizi inaning'inia. Kwenye ya tatu ni moja kati ya matano, tena kwa kuchungulia. Tofauti hiyo inaitetea hoja ya hewa vizuri tu, na tena kwa lugha ya ukweli: mbegu zilizopunguziwa hewa zimeota chache na kwa shida. Mwalimu angeuliza, "Mnadhani kwa nini hii moja imetoa mzizi?", akapokea majibu matatu, akavipa vikundi gilasi mpya. Kimoja kingetumia mbegu ambazo hazikulowekwa, kingine maji yaliyopozwa ndani ya chupa iliyojazwa pomoni na kufungwa, cha tatu mafuta mara mbili ya yale. Gharama yake ni maharage kumi na tano. Hitimisho lingesogea wiki ijayo, na andalio la somo lina sehemu ya tafakari kwa kazi hiyo hasa.

Nimeshalisema hili sana na nitaendelea kulisema: tatizo limeanzia kwenye mtihani. Tangu 2012 sehemu kubwa ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi inasahihishwa kwa mashine, na mtoto anaweka kivuli kwenye herufi. Hakuna herufi ya "inategemea", wala ya "tupime tena kesho". Mwalimu anayejua hivyo ataificha gilasi inayoleta ubishi, kwa kuwa anaogopa mtoto ataikumbuka gilasi na kusahau herufi. Wakubwa wa elimu wanaotaka ubunifu kwenye warsha na ufaulu wa asilimia kwenye ripoti ndio waliomfundisha kuogopa.

Tanzania ilipaswa kuwa nchi ya mwisho kusahau kwamba tokeo lisilotarajiwa linastahili kupimwa, maana ni nchi ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari pale Magamba, mkoani Tanga, alitia kwenye friza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto kwa sababu nafasi ilikuwa inakwisha, na yakaganda kabla ya yale yasiyochemshwa ya mwenzake. Aliambiwa amechanganyikiwa. Alichekwa. Hakulifuta swali lake. Alipofika Mkwawa, Iringa, akamuuliza mgeni aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Osborne hakuliweka swali chini ya meza. Alirudi chuoni akaagiza lijaribiwe. Fundi wa maabara akamletea habari kwamba maji ya moto kweli yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Osborne mwenyewe ndiye aliyelisimulia jambo hilo kwenye makala waliyoichapisha pamoja na Mpemba mwaka 1969. Wanafizikia wanabishana juu yake mpaka leo. Na Mpemba akaenda chuo cha wanyamapori Mweka, akawa mtu wa kutunza wanyamapori.

Turudi kwenye video. Sehemu ya pili ya somo, ya kupanda miche nje, ilifanyika vizuri: mashimo ya kina, mboji iliyooza sawasawa, viriba viliondolewa kwenye miche na kukusanywa vyote.

Lakini hata huko nje naiona ile gilasi. Mwisho wa video inatajwa idadi ya miche iliyopandwa, watu wanapiga makofi, basi. Kila mwaka shule zinahesabu miche siku ya kupanda. Nani anahesabu kiangazi kikishapita? Mche uliokufa nao ni matokeo ya jaribio. Umeliwa na mchwa, au na mbuzi? Ulipandwa mvua zinaishia? Mti wenyewe haupendi udongo ule? Mtoto aliyezoeshwa kwamba tokeo lisilotakiwa "limeharibika, tuendelee" ataujaza mche mkavu kwenye fomu kama mche hai, na akiwa mtu mzima ofisini ataujaza msitu mzima hivyo hivyo.

Wangari Maathai alilijua hili tangu alipoanzisha Green Belt Movement kule Kenya mwaka 1977. Akina mama walilipwa kidogo kwa miche iliyoshika, kwa hiyo ilibidi mtu arudi kuangalia. Wengi wanaikumbuka Nobel ya 2004 na kuusahau utaratibu huo mdogo wa kurudi kuangalia, ambao ndio uliobeba kazi. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 nayo, kwa walimu walioielewa, ililifanya shamba la shule kuwa mahali pa kujaribu mbolea kwenye tuta moja na kuliacha jingine, kisha kupima mavuno. Wapo walioligeuza kuwa kilimo cha adhabu, na hao ndio waliotuachia chuki ya jembe. Na miaka ile ile ya sitini, mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika uliwakalisha watoto chini kumtazama yule mdudu anayechimba kishimo mchangani kutega sisimizi. Waliambiwa wamuulize mdudu mwenyewe. Eleanor Duckworth, aliyeutathmini mpango huo, aliwapa watoto vifaa na kutazama wanabuni mambo gani ya kufanya navyo. Kipimo kama hicho sikioni kwenye fomu zetu za sasa za kutathmini masomo.

Waliorekodi somo lile wametangaza kwamba watapeleka nakala zaidi mashuleni ili liigwe. Kabla hawajafanya hivyo, warudi kwenye darasa lile na kamera ile ile. Watafute gilasi ilikoenda, wampe yule msichana rula yake, wapime. Kama maharage yameshatupwa, watoto waanze upya, safari hii mbegu zisilowekwe. Kisha waende kwenye miche mvua zikishakatika, wahesabu iliyo hai na iliyokufa kwenye safu mbili za daftari, na sehemu hiyo iingie kwenye video hata kama safu ya pili ndiyo ndefu.