Skrubu za Chini ya Kabati

Wapo maseremala wanaoamini kwamba kufunga MDF si kazi ya fundi. Kwao useremala ni mninga na mkongo, randa na patasi. Nawaheshimu, lakini hapo nawapinga. Ubao huo wa kiwandani unadai mkono mpole kuliko mninga, hasa ukifungwa chini ya kabati za ukutani katika jiko la Kinyala, wilayani Rungwe.

Sehemu za juu za Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na siku za ukungu jiko huwa na kiza hata mchana. Katika nyumba mpya, zilizojengwa kwa pesa ya chai, maziwa na parachichi, mpishi huipa mgongo taa ya dari, kivuli chake kikaangukia ndizi anazomenya. Dawa yake ni utepe wa taa za LED chini ya kabati, pamoja na ubao mwembamba wa kuubeba na kuficha nyaya.

MDF ni nyuzi za mbao zilizochanganywa na gundi, zikashindiliwa kwa joto. Ukikaza skrubu bila kutoboa kwanza, uso hutunga kama kipele. Ukiikaza ubavuni, ubao hupasuka. Fundi makini hutoboa mbali na pembe, kwa biti ya milimita 3 ikiwa skrubu ni ya 4, kisha hupanua mdomo wa tundu ili kichwa kizame. Ubao una milimita 12, kitako cha kabati 18, jumla 30. Basi anachagua skrubu ya 25, ishike bila kutokeza kwenye vikombe.

Ninachokipenda zaidi ni mizunguko ya mwisho. Anaweka drili chini, anachukua bisibisi. Mashine huweza kuendelea kuzungusha skrubu iliyokwisha kufika, ikasaga unga ndani ya tundu, na tundu hilo halishiki tena. Kwa bisibisi, kiganja kinamwambia ubao umegusa kabati. Anaongeza kidogo tu, anaacha.

Halafu kuna maji. Mvuke wa sufuria hupanda moja kwa moja hadi pale, na MDF ikishanyonya maji ukingoni huvimba, hairudi tena. Kwa hiyo kabla ya kuupandisha ubao anapiga kingo msasa, anazipaka gundi ya mbao iliyozimuliwa, anapiga msasa tena, ndipo rangi ya mafuta inapofuata: pande zote, hata upande wa juu ambao mwenye nyumba hatauona kamwe. Unadhifu wa namna hiyo si mgeni huku. Joseph Thomson, msafiri wa Uskoti aliyepita nchi ya Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, mwaka 1879, alizisifu nyumba zao kwa unadhifu.

Utepe wenyewe hukaa karibu na ukingo wa mbele, ndani ya mfereji wa alumini unaopunguza joto, nyuma ya kizuizi kifupi ili mwanga usichome macho. Transfoma hukaa mbali na sinki, mahali mkono unapofika.

Wengine hubandika ubao kwa silikoni, kazi ikaisha upesi. Mimi nasimama na wa skrubu. Taa hizo zitakufa kabla ya kabati, na siku hiyo fundi atafungua skrubu zilezile, ubao ushuke mzima, abadilishe utepe na kuurudisha juu kwa matundu yaleyale.