Mama wa Kabondo hajui "presha", anajua "tansio"

Bandugu na badada wa association, nina neno moja juu ya zile PDF.

Kila wiki kwenye magrupe yetu mtu anatupa kitu cha afya ya bamama: kitabu cha kurasa mia mbili, video, programu ya simu, kiungo cha OMS. Chini yake tunaweka vidole gumba, "merci docta", na imeisha. Hakuna anayeuliza kama kitu kile ni kizuri, ni cha mwaka gani, na ni cha nani. Mimi nimeamua kuuliza. Zingine nimezisoma mpaka mwisho, zingine nimewasikilizisha bamama hapa hapa mtaani.

Nianze na upande wa wauguzi na waakushezi, maana huko hali si mbaya. Tena ni nzuri kuliko wengi wanavyofikiri. Médecins Sans Frontières wanatoa bure kitabu chao cha uzazi kwa Kifaransa, kwenye tovuti na kwenye programu ya simu ambayo ukishaipakua inafunguka bila mega. Zamani kitabu hicho kiliitwa Obstétrique en situation d'isolement, na mimi napenda lile jina la zamani, kwa sababu linasema ukweli: kimeandikwa kwa mtu aliye peke yake, usiku, bila spesialisti wa kumuita. Chukua mfano wa oxytocin, dawa ya kwanza ya kuzuia damu baada ya kuzaa. Inataka baridi, kati ya digrii 2 na 8. Sasa wewe unajua kurani ya Kisangani. Frigo ya sentre ikilala bila moto mara kwa mara, ile dawa inapoteza nguvu polepole. Vitabu vingi vya chuo vinaandika "toa oxytocin" na kupita. Hiki kinakuambia pia ufanye nini kama hauna.

Safe Delivery App nayo, iliyotengenezwa na Maternity Foundation ya Denmark pamoja na vyuo vikuu vya huko tangu 2012, ni kazi ya akili. Video fupi za kuchora, mkono unaona unafanya nini, hakuna maneno mengi. Lakini tusiimbe sana. Kule Ethiopia waliijaribu kwenye vituo 73, matokeo yakatoka 2016: wafanyakazi wakaongeza ufundi wa kuamsha mtoto asiyepumua na wa kusimamisha damu, hilo lilionekana wazi. Vifo vya watoto havikupungua kwa namna ambayo hesabu ingeweza kuthibitisha. Simu inafundisha mkono. Haileti damu ya kuongezea, haileti moto, wala haimtoi mama nyumbani kwa wakati.

Ugonjwa wetu mkubwa kwenye magrupe ni tarehe. PDF haina nywele nyeupe. Ya zamani na ya jana zinafanana. Mwaka 2012 OMS ilikuwa inasema asidi traneksamiki (ile dawa ya kusaidia damu igande) itolewe kama zile zingine zimeshindwa. Mwaka 2017 ukatoka utafiti wa WOMAN, wanawake 20,000 na zaidi katika nchi 21: ikitolewa ndani ya masaa matatu, vifo vya kutokwa damu vinapungua karibu theluthi moja. Mwaka ule ule OMS ikageuza maneno yake: itolewe mapema, usingoje zingine zishindwe. Kwa hiyo mwanafunzi wa ISTM anayesoma leo PDF ya 2012, safi kabisa, na nembo yake ya OMS juu, anajifunza kungoja. Na mama anayetoka damu hana muda wa kungojewa. Vivyo hivyo CPN: bado naona karatasi za mara nne zinazunguka, wakati OMS tangu 2016 inasema mara nane. Mtu akituma bila mwaka, mimi kwangu ni sawa na kuuza dawa bila tarehe ya mwisho.

(Wanaosoma kwa ajili ya memwari: muulize bibliotekeri wako kuhusu Hinari. Ni mpango wa OMS ulioanza 2002, na vyuo vya nchi kama yetu vinasoma majarida ya tiba bila kulipa. Lakini ni chuo kinachojiandikisha, si wewe na simu yako.)

Sasa tuje kwa bamama wenyewe. Hapa ndipo nina ugomvi.

Ukitafuta vitu vya afya ya mwanamke kwa Kiswahili, utapata. Global Health Media wana video za uzazi, kunyonyesha na dalili za hatari, kwa Kifaransa na Kiswahili, unapakua bure. Hesperian, wale wa kitabu Mahali Pasipo na Daktari, wana maandishi mengi. Tanzania walikuwa na Wazazi Nipendeni tangu 2012: mama anatuma neno "mtoto" kwenye 15001, hakati hata senti, na ujumbe unamfuata mimba nzima. Hongera kwao. Lakini Kiswahili cha vitu hivi vingi ni cha Dar es Salaam na Nairobi, na sisi huku tunajidanganya tukisema "iko kwa Kiswahili, bamama watasikia".

Nilimsomea mama mmoja jirani, mimba ya miezi saba, maneno haya ya Kiswahili safi: nenda kliniki, nesi akupime presha. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akaniuliza: "Presha njo nini?" Maana yeye anajua tansio. Na kliniki kwake ni ile nyumba ya matajiri, ya kulipa; kupimisha mimba ni CPN, na CPN iko kwa sentre. Nesi hamjui, anajua enfirmie, na mara nyingi wote anawaita munganga. Dripu ni serumu. Uzazi wa mpango ni planing. Sentensi moja ya maneno matano, matatu yalipotea njiani kati ya Dar na Kabondo. Tanzania walichukua maneno ya lopitali kwa Mwingereza, sisi tulichukua kwa Mbelgiji, na mama mwenye mimba ndiye analipa tofauti.

Hayo bado ni madogo, mtu anaweza kuuliza. Shida kubwa ni neno linaloeleweka vibaya, kwa sababu hapo hakuna anayeuliza. "Kifafa cha mimba." Kwenye Kiswahili cha vitabu ni jina sahihi kabisa la eklampsia, wakati tansio ya mimba inapanda mpaka mama anatetemeka na kuanguka. Lakini mtu wa hapa akisikia kifafa anafikiria maladi ya ndeke, anafikiria mkono wa mtu wa familia, na mama anabebwa kwenye chumba cha maombi. Neno lililotafsiriwa vizuri linamtuma mama mbali na sulfati ya manyezi iliyo kwenye kabati la lopitali. Ule utafiti wa kaya wa 2013–2014 ulihesabu vifo 846 vya bamama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai katika nchi yetu. Tansio na damu ni kati ya sababu kubwa. Hatuwezi kuchezea maneno ya magonjwa hayo mawili.

Mtu ataniambia: basi tufundishe bamama Kiswahili sanifu. Sipingi. Lakini mimba inachukua miezi tisa tu.

Halafu kuna swali la simu ni ya nani. Mwaka 2005 shirika la ASF, pamoja na PSI na Vodacom, walianzisha hapa Kongo Ligne Verte, namba ya bure ya kuuliza juu ya planing. Waliopiga wengi sana walikuwa wanaume. Watu walishangaa, mimi sishangai. Simu ni ya papa, kredi ni ya papa, na hata leo ile yenye Android ndani ya nyumba nyingi inashinda mfukoni mwake juu ya toleka au moto. Wanaotengeneza programu za "mama" wanaandika kama vile mama amekaa kwenye kiti peke yake na simu yake. Mimi ningeandika nusu ya ujumbe kwa papa, kwa sababu yeye ndiye atausikia kwanza, na yeye ndiye atatoa pesa ya moto usiku.

Wanaotuelewa vizuri, kusema kweli, ni wale wanaouza "dawa za kusafisha kizazi" kwenye Facebook. Bidhaa yao ni uongo mtupu, kuna nyingine zinaunguza mama ndani. Lakini wasikilize wanavyosema: sauti, si maandishi, Kiswahili chetu pamoja na Lingala ndani yake, dakika mbili, wanaanza na maumivu ambayo mama anayo leo. Wao wamefanya kazi ambayo sisi wenye diploma za UNIKIS na ISTM hatujafanya, na tuna vitabu vya MSF bure kwenye simu zetu.

Kwa hiyo pendekezo langu halina bajeti. Sauti ya WhatsApp ya dakika mbili haifiki mega moja. Tuchukue dalili za hatari kutoka kwenye mwongozo wenye mwaka unaojulikana, tusiongeze chetu, muakushezi mmoja azihakikishe, kisha tuziseme kama tunavyosema nyumbani. Kabla ya kutuma, tuwasikilizishe bamama watano, na kila mmoja aturudishie kwa maneno yake. Neno likipotea, linabadilishwa. Ya kwanza nimeshaiandika, nimeijaribu kwa wanne:

"Mama wa mimba, kama kichwa inakuluma sana na haiishe, kama macho inaona giza, kama uso na mikono inavimba, ao kama unasikia maumivu juu ya tumbo, ile inaweza kuwa tansio ya mimba. Haiko uchawi. Usingoje siku ya CPN. Enda lopitali leo, hata kama ni usiku. Papa, na wewe unasikia: tafuta moto sasa."

Wa tatu kati yao alinikataza "maumivu juu ya tumbo". Kwake ni popote tumboni. Akaniambia niseme "hapa, chini ya mbavu", na aweke mkono anayesikiliza. Nimebadilisha. Sasa namtafuta mtu wa Lubunga au Mangobo wa kuisema kwa Lingala, na muakushezi wa kuisikiliza kabla haijatoka.