Mtumwa Asiyesema: Tukisoma Terentius

Wengine huuliza: yamfaa nini Mkristu kusoma kwa Kilatini michezo ya kuchekesha ya Waroma wapagani? Mtakatifu Augustino mwenyewe, katika Maungamo yake, alimlaumu Terentius kwa ajili ya kijana mmoja wa mchezoni, aliyetazama picha ya uzinzi wa mungu Jupiter, akajipa ruhusa ya kutenda vivyo hivyo. Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo upo mchezo mmoja, Adelphoe, maana yake Ndugu, ambao twaona wastahili kusomwa hapa Punia na Maniema yote.

Ulichezwa Roma mwaka 160 kabla ya Kristu. Demea ana wana wawili: mmoja anamlea mwenyewe shambani kwa ukali, wa pili amempa ndugu yake Micio, amlee mjini kwa upole. Basi mkali anadanganywa, na mpole naye anafichwa mambo. Hapo Terentius awafundisha wazazi pasipo kuhubiri, na Kilatini chake ni chepesi kama mazungumzo ya watu barazani.

Lakini tumtazame Syrus, mtumwa wa Micio. Ana akili na ulimi kupita mabwana zake, na mwisho anaachwa huru, yeye na mkewe Phrygia. Terentius alilijua jambo hilo. Suetonius asimulia kwamba alizaliwa Karthago, katika Tunisia ya leo, akawa mtumwa wa seneta mmoja huko Roma, akasomeshwa, kisha akapewa uhuru. Ajabu ni kwamba uhuru wa Syrus waja kama mzaha: ni Demea anayeuomba, naye agawa mali ya ndugu yake.

Tena yupo msichana mpiga kinubi. Ananyang'anywa mbele ya macho yetu, bei yake yatajwa, mina 20, wala yeye hasemi hata neno moja.

Nyangwe na Kasongo zilikuwa vituo vya biashara ya watumwa katika karne ya 19. Mtu wa Maniema hawezi kupita hapo akicheka tu. Hiyo ndiyo kasoro ya mchezo huu mzuri: aliyetoka utumwani alimpa Syrus sauti, msichana akamnyima. Walimu wanaowasomesha vijana Kilatini na wasimame penye ukurasa huo, wawaulize: angalisema, angalisema nini?