Kilimatinde: Ukurasa wa Katikati

Nimetembezwa Mji Mkongwe wa Zanzibar mara mbili, Bagamoyo mara moja. Kote huko hadithi imesukwa kwa namna moja: mlango wa nakshi, jumba la tajiri, kanisa, habari za watumwa, halafu duka la vinyago. Ni hadithi inayosimama penye ukuta. Pasipo na ukuta, mwongozaji anaharakisha hatua.

Ndiyo maana nikaamua kwenda Kilimatinde, wilayani Manyoni, mkoa wa Singida. Ni mji mdogo ukingoni mwa Bonde la Ufa, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo kuelekea Tabora na Ujiji. Wajerumani waliweka boma hapo. Kisha Reli ya Kati ikapitia Manyoni, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kilimatinde ikabaki pembeni. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji, kwa jina la njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu.

Sikupata wa kunitembeza, nikajitembeza. Nilimkuta babu mmoja kivulini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Unatafuta nini huku?"

Nikamwambia: njia ya watumwa. Akanitazama. "Na wapagazi je? Wao hawakupita?"

Kiukweli swali lile liliniumbua. Jina nililokuja nalo lilikuwa limemeza watu. Maelfu waliobeba mizigo kwenye njia hii, Wanyamwezi wengi wakiwamo, walikuwa watu wa ujira: walilipwa vitambaa, wakapewa posho njiani, na mzigo wa mtu mmoja ulikaribia kilo 30. Ukiwaita wote watumwa unawanyang'anya kazi yao, ujuzi wao, hata ujasiri wa kugoma na kutoroka.

Ila tusikimbilie upande wa pili. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, anasimulia jinsi wapagazi wa Uzaramo walivyomtoroka, naye akawasaka na kuwatia minyororo. Anaisimulia kama hodari anayesifu kazi yake. Mimi nasoma hapo jambo asilokusudia: mtu aliyeondoka kwao kwa ujira angeweza kufika bara akiwa amefungwa. Mpaka kati ya mpagazi na mtumwa haukuwa ukuta, na mkubwa wa msafara aliweza kuusogeza.

Hapo ndipo matembezi ya mji yanaponishinda kama hadithi. Yanataka kila mtu awe na nyumba yake: tajiri hapa, mtumwa kule. Mpagazi hakuacha mlango wa nakshi, basi hana kituo.

Nilishuka kidogo kwenye mteremko unaotazama Ugogo, begi mgongoni, halafu nikapanda tena. Magoti yalilalamika, na begi lenyewe halikufika hata kilo 10. Siku Kilimatinde itakapopata waongozaji wake, waanzie kwenye mteremko huu kabla ya boma. Mgeni abebe kitu, apande, halafu aulizwe swali la babu: nani alipita hapa, na alilipwa nini?